Mnunuzi wa Japani amenyamaza: nishushe bei?

Ndugu, bei usiiguse kwanza. Unasema mnunuzi wa Tokyo alipoiona bei ya kahawa yako alikaa kimya, akasema "tutalifikiria", na sasa wiki ya pili hajajibu. Kimya cha mezani kwa Wajapani mara nyingi ni cha kutafakari. Ukikijaza kwa punguzo, watajiuliza kwa nini bei ya kwanza ilikuwa juu. Halafu uliyeongea naye kwa kawaida haamui peke yake. Pendekezo huzungushwa idara kwa idara hadi wakubwa waridhie, ndiyo maana huchelewa.

Angekuambia "ni gumu kidogo", hapo ungehesabu ni hapana ya heshima, na kumbana atamke wazi kungemwaibisha.

Leo mwandikie barua pepe fupi: gredi, asilimia ya unyevu, idadi ya magunia ya kilo 60, tarehe ya meli, na cheti cha vipimo vya mabaki ya viuatilifu, maana bandarini kwao hilo hukaguliwa kwa ukali. Muulize wenzake wanahitaji taarifa gani zaidi. Simu ipangeni 10:00 asubuhi ya Dar, yaani 16:00 Tokyo, na uandike saa zote mbili.