Programu zinakubali, hesabu zinagoma

Mdogo wangu, unasema programu za kompyuta unaandika bila shida na darasani unaelewa, ila mtihani wa hesabu umekuangusha tena. Kumfuata mwalimu ubaoni si kukokotoa mwenyewe. Funika majibu, chukua karatasi tupu, thibitisha kwamba 1 + 2 + … + n = n(n+1)/2. Anza na n = 1. Kisha chukulia ni kweli kwa n = k, ongeza k + 1 pande zote mbili, mpaka ufike (k+1)(k+2)/2, yaani kanuni ileile kwa n = k + 1; hivyo kila namba inaithibitisha inayofuata. Ni mantiki ileile ya programu inayojiita yenyewe, na hiyo unaimudu! Ukikwama, chungulia mstari mmoja tu, funika tena. Mitihani iliyopita ifanye kwa kujipimia muda, simu ikiwa mbali. Na usiache swali tupu; mara nyingi hatua zina maksi zake.