Maswali ya Wasomaji: Simetali Darasani, Shambani na Jikoni

Nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha pili kuwa simetali hazipitishi umeme. Mmoja akaja na kijiti cheusi cha kaboni alichokitoa kwenye betri ya tochi, akakiunga kwenye waya, na balbu ikawaka. Niwaonyesheje tofauti halisi ya metali na simetali? – Mwalimu, Mbeya

Kaboni ni simetali, na mwanafunzi wako yuko sahihi. Kasoro iko kwenye kanuni wanayokaririshwa. Mng'ao, ugumu na kupitisha umeme ni dalili tu: aidini, ambayo ni simetali, inang'aa, na almasi, ambayo ni kaboni, ni ngumu kuliko metali yoyote. Katika grafiti, aina ya kaboni iliyo kwenye kijiti hicho, kila atomi ya kaboni imeshikana na wenzake watatu, kwa hiyo elektroni yake ya nne inabaki huru ndani ya tabaka na kubeba umeme. Katika almasi imeshikana na wanne. Hakuna elektroni iliyobaki, na umeme haupiti.

Jaribio linalofaa zaidi ni la oksidi, yaani kile kinachopatikana elementi inapoungana na oksijeni: kwenye maji, oksidi ya simetali kwa kawaida hutoa asidi, na ya metali hutoa alkali, kinyume cha asidi. Weka salfa ya unga, kiasi cha punje moja ya mahindi, kwenye kijiko cha kuchomea. Ipashe moto hadi itoe mwali wa bluu, kisha ishushe ndani ya chupa yenye maji kidogo, bila kijiko kugusa maji. Funika; moto ukizimika toa kijiko, funika tena na utikise. Litmasi ya bluu (karatasi ya kupimia asidi) itageuka nyekundu, ishara ya asidi. Mara nyingi jaribio hushindikana kwa sababu salfa imeyeyuka tu (huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi) lakini haijawaka. Fanyeni nje, na mwenye pumu asikaribie kabisa, maana gesi ile hubana kifua.

Upande wa metali, choma utepe wa magnesi wa sentimita 3, bila mtu kuutazama mwali wake moja kwa moja. Koroga majivu meupe kwenye maji ya uvuguvugu na usubiri: litmasi nyekundu hugeuka bluu, ishara ya alkali, polepole, kwa kuwa oksidi hii huyeyuka kidogo sana. Usitumie shaba. Oksidi yake haiyeyuki kwenye maji, hivyo litmasi haitabadilika na darasa litaondoka na jibu potofu. Waambie pia kwamba kaboni monoksidi, ingawa ni oksidi ya simetali, haiigeuzi litmasi.

Kila msimu napuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe). Sasa kipimo kinaonyesha udongo una asidi nyingi. Ni salfa? – Mkulima, Newala

Inachangia, tena sana kama udongo wako ni wa kichanga, kwa kuwa mchanga hauna uwezo mkubwa wa kuhimili asidi. Salfa haiyeyuki kwenye maji, lakini ile inayoanguka chini hubadilishwa na bakteria wa udongoni kuwa asidi ya salfuriki. Kwa hesabu ya kikemia, kilo 1 ya salfa iliyobadilika yote huhitaji takriban kilo 3 za kalsiamu kaboneti, kiambata kikuu cha chokaa ya kilimo, kuondoa asidi yake. Puliza alfajiri, umande ukiwapo na upepo umetulia, ili unga ushike kwenye maua badala ya kupotea ardhini. Pima udongo chini ya mwavuli wa mti na pia katikati ya mistari, kisha weka chokaa ya kilimo kulingana na kipimo cha kila sehemu. Na usivute sigara karibu na kazi hiyo: vumbi la salfa likiwa hewani linaweza kulipuka kwa cheche moja.

Nilidondoshea maji ya wanga kwenye chumvi yenye madini joto, haikuwa bluu. Nimeuziwa chumvi feki? – Msomaji, Morogoro

Jaribio hilo halithibitishi hivyo. Wanga hugeuka bluu kwa aidini (ndiyo madini joto) ikiwa huru, ilhali kwenye chumvi kwa kawaida huwekwa potasiamu iodeti, kiwanja chenye aidini iliyofungwa, ambayo haiugeuzi wanga rangi. Dawa maalumu ya kupimia chumvi huwa na asidi na iodidi (kiwanja kingine cha aidini) pamoja na wanga. Asidi na iodidi ndizo huifungua aidini kutoka kwenye iodeti, na hapo rangi hutokea.