Baiskeli iliyonipa kitambi

Aliyekigundua kitambi ni mke wangu. "Baba Amina, tangu ununue hiyo baiskeli, mkanda umerudi nyuma matundu mawili." Nilitaka kubisha, lakini mkanda haubishaniki.

Kila Jumamosi alfajiri mimi na wenzangu wa baiskeli tunatoka Mwenge, Dar es Salaam, tunashika Barabara ya Bagamoyo hadi Bunju na kurudi. Ni saa mbili na ushee. Nilikuwa natoka na chai ya rangi tu tumboni, nikiamini tumbo tupu ndilo linalokata mafuta. Wakati wa kurudi, tukifika Tegeta nazima kama kibatari kilichoishiwa mafuta ya taa: miguu mizito, mikono inatetemeka. Kilichofuata kwa mama lishe hakikuwa kula, kilikuwa kisasi. Supu ya ng'ombe, chapati tatu, soda mbili za baridi. Nyumbani nalala, nikiamka naulizia pilau.

Mwendo wetu ule wa kupiga soga hauunguzi chakula kingi kama jasho linavyotudanganya. Na soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takribani gramu 50 kwa siku, na ikibaki 25 ni bora zaidi. Mimi nilikuwa nimeshavuka zote kabla ya saa nne asubuhi.

Dawa niliyoipata ni kula mapema. Saa moja kabla ya kutoka nakunywa uji wa ulezi au nakula viazi vitamu viwili vya kuchemsha. Mfuko wa nyuma wa jezi natia ndizi mbili, ya kwanza naimenya Boko, njaa ikiwa bado haijabisha hodi. (Chagua ndizi ambayo haijaiva kupita kiasi. Mie nimejifunza kwa kufua jezi.) Siku hizi kwa mama lishe naagiza kama mtu mwenye akili zake: supu, chapati moja, kachumbari ya kutosha, maji.

Sasa shemeji yangu, mhasibu, hajapanda baiskeli tangu shule ya msingi, akaanza kuniiga. Uji, viazi, ndizi, kila asubuhi, juu ya chapati zake za kawaida. Eti chakula cha wanamichezo. Nikamwambia, "Shem, hayo ni mafuta ya safari, na wewe gari umeliegesha."

Lakini Jumatatu hadi Ijumaa na mimi nimeliegesha. Kwa hiyo mchana tunakula sahani ya aina moja: nusu nzima matembele au mchicha, wali kiasi cha ngumi badala ya ule mlima wetu, kipande cha samaki, maharage. Wali amekubali. Chai ya vijiko vinne vya sukari bado tunagombana. Wiki iliyopita alikuwa amefika vitatu.