Je, akili mnemba itaingia stoo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la vifaa vya ujenzi na hesabu ya mali naiweka kwenye kompyuta. Kijana anayenisaidia anasema kwa kutumia MCP, akili mnemba itaweza kuisoma hesabu hiyo na kunijibu. Je, si nitakuwa nimemfungulia mgeni mlango wa stoo? Na nikihamia programu nyingine ya akili mnemba, kazi itaanza upya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali la pili kwa kuwa ni jepesi. MCP, yaani Model Context Protocol, ni itifaki ya wazi, yaani kanuni za mawasiliano kati ya programu ambazo yeyote anaweza kuzitumia, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024, na mwaka uliofuata washindani wake, OpenAI na Google, nao wakaikubali. Kwa hiyo kiunganishi atakachokiandika kijana wako, ambacho mafundi hukiita seva hata kikiwa kijiprogramu kilichomo ndani ya kompyuta yako, kitatumika na programu yoyote inayoifahamu itifaki hiyo.

Ama kuhusu mlango, modeli, yaani akili mnemba yenyewe, haigusi faili lako. Programu unayoitumia kuzungumza na modeli huiuliza seva ina zana zipi, yaani kazi inazoweza kufanya, nayo hurudisha orodha yenye jina la kila zana, maelezo ya kazi yake na taarifa inazohitaji ili ifanye kazi. Tuseme ipo zana iitwayo “tafuta_bidhaa”. Ukiuliza imebaki mifuko mingapi ya saruji, modeli huandika ombi tu kwamba zana hiyo itumike kwa neno “saruji”. Programu hulipeleka ombi hilo, pengine baada ya kukuomba ruhusa, seva husoma faili, kisha idadi hurudishwa kwa modeli ili ikuandalie jibu. Seva isiyo na zana ya kufuta haiwezi kufuta kitu, hata ikiombwa mara mia.

Mimi ningehofia zaidi mambo mawili mengine. Seva iliyookotwa mtandaoni yaweza kuficha maagizo mabaya ndani ya maelezo ya zana zake, na modeli huyasoma maelezo hayo kama inavyosoma maneno yako. Pia, kinachosomwa hutumwa kwenye modeli, ambayo mara nyingi iko kwenye mitambo ya kampuni iliyoiunda, si dukani kwako. Basi orodha ya wateja wanaokopa, pamoja na namba zao za simu, ihamishie kwenye faili jingine kabla kijana hajaanza kazi.