Kona ya nne ikigoma kufunga, usikimbilie skrubu

Wiki tatu nimehangaika na fremu za picha. Kona tatu zinafunga safi kabisa, ya nne inaacha uwazi mpaka kadi inapita, na kwa kuwa mashine yenyewe ni maita so ya kuvuta, msumeno wa umeme wa kukatia kona, ule wenye reli na kichwa (sehemu inayobeba bledi) kinacholala, nikaamini tu reli ndo zimeharibika. Nikalegeza skrubu hii nikakaza ile, mwisho hata kilichokuwa sawa kikavurugika. Naandika hii ili wewe usipite huko.

Kwanza chomoa plagi. Sio kuzima swichi, chomoa kabisa, maana mikono itakuwa karibu na meno muda wote.

Halafu anza na uchafu, siyo skrubu. Kuna bolti ndogo ambayo kichwa kinaigonga kinaporudi wima, pale ndipo unga wa mbao ulikuwa umeshindiliwa ukawa mgumu kama ukoko, nikauchokoa kwa msumari. Kitu chembamba vile kinatosha kuinamisha bledi! Safisha pale, safisha meza na fensi (ule ukuta wa nyuma unaoegemeza ubao), na zile nafasi ambazo meza inajishika ukifika nyuzi 45. Bledi nayo itoe ufute flenji zote mbili, zile sahani zinazoibana, na ukumbuke kwenye mashine nyingi bolti yake inafunguka kinyume, unazungusha kufuata saa ndo inalegea. Bledi ikiwa butu au imepinda, ibadilishe kwanza, maana inahama njia kwenye mbao ngumu na utakaza skrubu mpaka kesho.

Sasa fensi. Weka rula ndefu uone pande zote mbili zimenyooka, kisha meza iweke sifuri, shusha kichwa ukifunge hapo chini, egemeza guni, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye fensi na kwenye bledi. Hapa tulia sana: guni liguse bati la bledi, katikati ya jino na jino, lisiguse jino lenyewe. Meno yametokeza nje kidogo kuliko bati, ukiligusa tu kipimo chote ni uongo, na mimi nilipima hivyo siku mbili nzima. Kama fensi haiko skwea, yaani haifanyi pembe mraba na bledi, legeza bolti zake, isogeze, kaza kidogo kidogo kwa kupokezana kwa sababu fensi inatembea ukikaza upande mmoja kwa nguvu. Wima wa bledi na meza upime baada ya hapo, kwa guni hilo hilo.

Ila guni linakufikisha karibu tu, hukumu ni ya ubao. Chukua ubao wa upana wa milimita 100 wenye kingo zinazokwenda sambamba, ukate, kipande kimoja kigeuze kifudifudi, vyote viegemeze kwenye fensi uvikutanishe pale ulipokata. Uwazi unaouona ni kosa mara mbili. Kosa la nusu nyuzi kwenye ubao huo ni kama milimita 0.9, ukigeuza linakuwa karibu 1.7, jicho halikosi. Uwazi ukiwa upande wa mbele au wa nyuma rudi kwenye fensi, ukiwa juu au chini basi bledi haijasimama wima. Na fremu ina mikato 8, kwa hiyo nusu nyuzi kila mkato zinafika nyuzi 4, ndo maana kona zangu tatu zilipendeza, nilizibana mwenyewe na deni lote likahamia ya nne.

Reli zilikuwa nzima muda wote ule. Za kwako zivute mpaka mwisho utikise mpini, kichwa kikicheza na mashine yako ina skrubu za kubana beringi, zipe robo mzunguko tu, reli ziendelee kuteleza bila kukwama. Usipake grisi, inakamata vumbi, mimi nafuta kwa kitambaa kikavu basi. Na mkono nao unachangia: vuta kichwa kwako kwanza, washa, shusha, ndipo usukume kuelekea fensi. Ukikata huku unavuta bledi inaweza kupanda juu ya ubao ikakurukia, achilia mbali mkato kupinda.

Kishale cha nyuzi nakirudisha kwenye sifuri mwisho kabisa, baada ya ubao kukubali, kwa sababu chenyewe hakirekebishi chochote, kinasoma tu.