Swali la Lugha: Ni utafiti au uchunguzi?

SWALI: Nimesoma mara kadhaa kwamba serikali ya Marekani "imefanya utafiti" kuhusu vyombo visivyotambulika angani. Mwalimu mwenzangu anasema kazi ya serikali huitwa uchunguzi, na utafiti ni wa wanasayansi peke yao. Je, yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwenzako ameona tofauti ya kweli, ila ameiweka mahali pasipo pake. Anayelipia kazi siye anayeipa jina. KEMRI ni taasisi ya serikali ya Kenya na kazi yake ni utafiti wa tiba. Kinachoamua ni swali linaloulizwa na njia ya kulijibu.

Katika matumizi ya leo, uchunguzi aghalabu huanza na tukio lililokwisha kutokea: ajali, wizi, kifo cha ghafla. Mchunguzi huhoji mashahidi, hukagua kilichobaki, kisha hutoa uamuzi juu ya tukio hilo. Mtafiti huanza na swali pana kuliko tukio moja, hupanga mapema atapima nini na kwa kifaa gani, kisha huweka matokeo hadharani ili wenzake wayahakiki.

Kwa kipimo hicho, Mradi wa Blue Book wa Jeshi la Anga la Marekani (1952–1969) ulikuwa uchunguzi. Ulipokea taarifa 12,618 za vitu visivyotambulika angani na kuzipitia moja moja: hii puto, hii ndege, hii sayari ya Zuhura. Taarifa 701 zilibaki bila maelezo. Mwanaastronomia J. Allen Hynek alikuwa mshauri wake, lakini jeshi lilitaka kwanza kujua kama usalama wa taifa uko hatarini, na swali hilo mwanasayansi mmoja hawezi kulibadilisha. Ofisi ya AARO, iliyoundwa katika wizara ya ulinzi ya Marekani (Pentagon) mwaka 2022, nayo hupokea taarifa za aina hiyo na kuzitolea uamuzi. Iite uchunguzi bila wasiwasi.

Kazi ya Chuo Kikuu cha Colorado kuhusu taarifa hizo, 1966 hadi 1968, ndiyo inayomwangusha mwenzako. Aliyelipa ni Jeshi la Anga lilelile, ila walioifanya ni wasomi chini ya mwanafizikia Edward Condon. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ilikuwa kuchambua matukio moja moja, kama wachunguzi wafanyavyo. Hata hivyo swali lao lilikuwa la kisayansi: je, kuna elimu mpya ya kupatikana humu? Condon alihitimisha kwamba haielekei. Ripoti ilichapishwa, na mwanafizikia James McDonald wa Chuo Kikuu cha Arizona akaipinga waziwazi. Mimi huiita utafiti, na sababu kubwa ni huko kupingika kwake hadharani.

Mfano usio na utata uko Norwei, katika bonde la Hessdalen, ambako wenyeji walianza kuona mianga isiyoeleweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 watu walipeleka huko rada, kamera na vipimo vya usumaku, wakaisubiri ijitokeze tena. Mwaka 1998 kikawekwa kituo kinachorekodi chenyewe. Kuusubiri mwanga ukiwa na vipimo tayari ni utafiti halisi.

Ama jopo la wataalamu 16 la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lililoongozwa na David Spergel na kutoa ripoti Septemba 2023, huenda ukasoma kwamba "limetafiti". Halikupewa kazi hiyo. Liliombwa lishauri data gani zikusanywe na vipi, likasema zilizopo ni hafifu mno. Kwa hiyo: "NASA yashauri namna ya kutafiti."

Lakini msimkemee anayesema "uchunguzi wa kisayansi". Hata taasisi iliyotutungia Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na haikuwa ikisaka mhalifu. Uchunguzi ni neno pana. Utafiti ni jembamba zaidi. Anayekosea ni yule anayeita kila jalada la jeshi utafiti, kwa sababu anakipa heshima ya sayansi kitu ambacho wanasayansi wa nje huenda hawakuruhusiwa hata kukiona.

Na katika swali lako umeandika "vyombo". Chombo kimeundwa na mtu au kiumbe fulani, na hilo ndilo halijathibitishwa. Andika "vitu", au "matukio" pale kilichoonekana ni mwanga tu.