Jaipal Singh Munda, zaidi ya hoki

Hapana ndugu, umesema Jaipal Singh Munda alikuwa mchezaji wa hoki tu, si kweli kabisa. Jamaa ni Mmunda, kabila la wenyeji wa asili mashariki mwa India, kazaliwa 1903 kijijini Takra, pande za Khunti hukohuko, wamishonari wakamwona ana akili wakampeleka Uingereza akasoma Oxford. Ni kweli alikuwa kepteni wa India Olimpiki ya Amsterdam 1928 na wakabeba dhahabu, na kwa ajili ya hiyo hoki akaacha mafunzo ya utumishi wa serikali ya kikoloni, kazi ambayo watu walikuwa wanaililia. Ila kwangu mimi ukubwa wake uko Desemba 1946, kwenye bunge la kuandika katiba ya India, akasimama mbele ya wasomi na mawakili wote wale akasema yeye ni mtu wa porini na anajivunia, na kwamba watu wake hamuwezi kuwafundisha demokrasia maana wanayo tangu enzi na enzi. Yani nikiisoma ile hotuba mwili unanisisimka mpaka leo. Baadaye akaongoza chama cha Jharkhand, kilichodai jimbo lao wenyewe, 1952 kikawa upinzani mkuu kwenye jimbo la Bihar, 1963 akakiunganisha na chama tawala cha Congress (hapo aliwaumiza wengi), akafariki 1970. Jimbo la Jharkhand alilolipigania likaja kupatikana Novemba 2000.